William Lever, mwenye duka wa Bolton aliyetajirika kwa mawese ya Kongo

KAMBOVE, Haut-Katanga – Zaidi ya miaka 100 imepita tangu William Hesketh Lever afariki, na jina lake halisikiki tena katika masoko ya Katanga. Lakini mama anayenunua sabuni sokoni Kambove na kuiomba kwa jina lake anafuata mazoea ambayo muuza duka huyo wa Uingereza aliyaeneza kuliko wengi wa wakati wake. Na sehemu ya mawese yaliyomtajirisha ilitoka katika misitu ya Kongo.

Lever alikuwa mtoto wa mwenye magazini ya vyakula. Alipokufa mwaka wa 1925 alikuwa mtu wa cheo kikubwa, mwenye viwanda katika mabara kadhaa na mamia ya maduka ya samaki katika miji ya Uingereza. Ndani ya Kongo, mji mzima uliitwa kwa jina lake. Waingereza wengi wanamkumbuka kwa nyumba nzuri alizowajengea watumikaji wake. Katika jimbo la Kwilu wanamkumbuka kwa mambo mengine.

Hadithi hizo mbili ni za mtu mmoja. Kwa wakaaji wa Kambove, mji uliozaliwa na mgodi na kuishi miaka mingi kwa posho ya kampuni, maisha yake yanagusa swali linaloulizwa hadi leo: nani anabaki na faida, yule anayetoa mali ardhini ao mtini, ao yule anayeitia jina na kuiuza dukani?

Nyuma ya meza ya duka

Lever alizaliwa tarehe 19 Septemba 1851 huko Bolton, kaskazini mwa Uingereza. Bolton ulikuwa mji wa viwanda vya pamba, wenye moshi mwingi, nyumba za matofali zilizobanana na maelfu ya watu waliolipwa mshahara kila juma. Baba yake, James Lever, aliuza vyakula kwa jumla na kwa rejareja. Familia ilikuwa ya kanisa la Congregational, watu wa sala na kazi. William alikuwa mtoto wa saba, lakini mvulana wa kwanza, na baba alimtazamia aendeleze duka.

Akiwa na umri wa miaka 16 hivi aliacha shule akaanza kazi dukani. Kati ya kazi za kwanza alizopewa kulikuwa na ile ya sabuni. Wakati ule sabuni ilitoka kiwandani ikiwa mche mrefu usio na jina. Muuza duka aliukata, akapima kipande, akakifunga ndani ya karatasi na kumpa mteja. Kijana Lever alikata na kufunga sabuni siku baada ya siku, na hapo akaona jambo ambalo lilimfaa baadaye: mteja hakujua nani aliyepika sabuni ile. Alimjua muuza duka tu.

Mwaka wa 1872 baba yake alimfanya mshiriki wa biashara. Mwaka wa 1874 alimwoa Elizabeth Ellen Hulme, binti aliyemfahamu tangu utoto. Kazi yake sasa ilikuwa kuzunguka na gari la farasi kutembelea maduka madogo na kuchukua oda. Siku alipomaliza njia yake mapema, hakurudi nyumbani. Alisonga mbele kutafuta wateja wapya. Kwa njia hiyo biashara ilifika mji jirani wa Wigan, ambako alifungua tawi kubwa. Siagi na mayai alivinunua moja kwa moja Irlandi, bila kupitia watu wa katikati.

Miji ya Uingereza ilikuwa ikibadilika. Zamani familia ya mtumikaji ilinunua kidogo kidogo kwa deni, kwa muuza duka mmoja wa mtaa. Sasa mishahara ilianza kupanda na barabara kuu za miji zilijaa maduka yenye matawi mengi. Huko Rochdale, karibu na Bolton, wafumaji walikuwa wameanzisha duka la ushirika tangu 1844, na mfano wao ulienea nchi nzima. Thomas Lipton alifungua duka lake la kwanza la vyakula Glasgow mwaka wa 1871, kisha akaongeza matawi mji baada ya mji. Mwaka wa 1884, mhamiaji Michael Marks alianza na meza moja katika soko la Leeds; meza hiyo ndiyo iliyozaa kampuni ya Marks & Spencer.

Mwaka huohuo wa 1884, Lever aliamua kuacha kuuza kila kitu na kushika kitu kimoja: sabuni.

Jina kwenye karatasi

Alikwenda Liverpool kwa mtaalamu wa kuandikisha majina ya biashara na kuchagua jina Sunlight, maana yake mwanga wa jua. Aliliandikisha ili mtu mwingine asiweze kulitumia. Kwanza alinunua sabuni kwa wapikaji wengine na kuitia jina lake. Wapikaji hao walipobadilisha ubora, aliona hatari yake. Mwaka wa 1885, yeye na ndugu yake James Darcy walichukua kiwanda kidogo huko Warrington na kuanza kupika wenyewe.

Sabuni nyingi za wakati ule zilipikwa kwa mafuta ya wanyama. Sunlight iliongezewa kwa wingi mafuta ya mimea, yale ya nazi ao ya kokwa za ngazi, ndiyo maana ilitoa povu haraka. Ilikatwa kiwandani katika vipande vilivyo sawa, ikafungwa katika karatasi yenye jina, ikawekwa ndani ya boksi. Kazi ambayo Lever alikuwa akiifanya kwa mikono yake dukani sasa ilifanywa na kiwanda. Muuza duka alibaki kupokea boksi na kulipanga kwenye rafu.

Kisha Lever alizungumza na mteja bila kupitia muuza duka. Alijaza kuta, magazeti na vituo vya treni matangazo. Aliahidi zawadi kwa waliokusanya karatasi za sabuni na kuzirudisha. Alinunua michoro ya wasanii wenye sifa na kuigeuza matangazo, na msanii mmoja mkubwa, William Frith, alikasirika kuona mchoro wake ukiuza sabuni. Wateja wakaanza kuingia dukani wakiomba Sunlight kwa jina, na muuza duka asiyekuwa nayo alipoteza mauzo.

Kufika 1888 kiwanda cha Warrington kilikuwa kikipika tani 450 kwa juma na hakikuwa tena na nafasi ya kupanuka. Baadaye zilifuata sabuni za Lifebuoy na Lux, na unga wa kusugulia wa Vim. Viwanda vilijengwa Uswisi, Ujerumani, Kanada, Australia, Marekani na, mwaka wa 1911, Durban, Afrika Kusini.

Mji wa watumikaji

Mwaka wa 1888, kando ya mto Mersey, ngʼambo ya Liverpool, Lever alianza kujenga kiwanda kipya na mji pembeni yake. Aliuita Port Sunlight, kwa jina la sabuni.

Watumikaji wa Uingereza wa siku hizo wengi waliishi katika vyumba visivyo na hewa wala maji safi. Port Sunlight ilipata nyumba zenye bustani, shule, hospitali, maktaba, kanisa, ukumbi wa michezo na bwawa la kuogelea. Kufika 1914 zilikuwa nyumba 800 hivi, na watu wapata 3,500. Wageni walitoka nchi nyingi kuja kuona.

Lever alieleza kwamba hiyo ilikuwa njia yake ya kugawa faida. Hakutaka kuwapa watumikaji pesa zote mkononi, kwa kuwa aliamini wangezitumia vibaya. Alizigeuza nyumba na shule. Lakini nyumba ilifuata kazi. Aliyefukuzwa kiwandani alipoteza pia makao, na kampuni iliweka kanuni juu ya bustani, burudani na mwenendo wa watu. Familia nyingi za Katanga zilizokulia katika kambi za Union Minière, baadaye Gécamines, zinaweza kuutambua utaratibu huo: nyumba, dispansari, shule na posho, vyote chini ya mkubwa mmoja.

Lever aliingia pia katika siasa. Mwaka wa 1906 alichaguliwa mbunge wa chama cha Liberal, na bungeni alipigania malipo ya uzeeni kwa maskini. Baadaye aliandika kitabu akitetea siku ya kazi ya saa 6.

Mwaka huohuo wa 1906 alipata pigo. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na Lever akapunguza kimyakimya uzito wa kipande cha Sunlight, kutoka aunsi 16 hadi 15, huku bei ikibaki ileile. Alikuwa tena akipanga muungano na wapika sabuni wengine. Magazeti, gazeti la Daily Mail mbele, yalimshambulia kama mtu anayetaka kuwanyonya maskini. Wauza maduka walifuta oda na mauzo yakaanguka. Muungano ukavunjika. Lever alipeleka gazeti hilo mahakamani na mwaka wa 1907 akalipwa fidia ya pauni 50,000, kiasi kikubwa mno kwa siku hizo. Kesi nyingine zilimwongezea. Sehemu ya pesa hizo aliitoa kwa Chuo Kikuu cha Liverpool.

Duara tano kwenye ramani ya Kongo

Bei ya mafuta ndiyo iliyomleta Afrika. Watengenezaji wa majarini nao walitaka mafuta yaleyale ya mimea, na Lever aliogopa kubaki mikononi mwa wauzaji. Aliomba ardhi kubwa katika makoloni ya Uingereza ya Afrika Magharibi. Serkali yake ilikataa, kwa sababu haikutaka kuwaondolea wenyeji ardhi na biashara yao ya ngazi.

Ubelgiji ilifungua mlango. Mwaka wa 1908 ilikuwa imechukua Kongo kutoka mikononi mwa Mfalme Leopold II, baada ya dunia kujua maovu ya raba: vijiji vilivyochomwa, mikono iliyokatwa. Serkali ya Brussels ilihitaji mtaji, na ilihitaji pia mwekezaji mwenye sifa nzuri. Mwenye Port Sunlight alionekana kufaa.

Tarehe 14 Aprili 1911 mkataba ulitiwa sahihi. Kampuni ya Huileries du Congo Belge, yaani HCB, ilipewa duara tano kwenye ramani, kila moja yenye upana wa kilometa 60 kutoka katikati hadi pembeni: Bumba, Barumbu, Lusanga, Basongo na Ingende. Ndani ya duara hizo kampuni ingeweza kuchagua hadi hektari 750,000. Mkataba uliidai ijenge shule na hospitali, na kumlipa mtumikaji angalau santimu 25 kwa siku. Wenyeji walioishi humo, waliokuwa wakikata ngazi na kukamua mawese tangu zamani za mababu, hawakuulizwa.

Majina mapya yalibandikwa. Lusanga ikawa Leverville. Ebonda ikawa Alberta na Lokutu ikawa Elisabetha, kwa heshima ya mfalme na malkia wa Ubelgiji. Mapangu ikawa Brabanta, na Boteka ikawa Flandria.

Lever na mke wake walikuja Kongo kwa safari ya 1912 hadi 1913, wakipanda mito kwa meli. Elizabeth alifariki Julai 1913, muda mfupi baada ya kurudi Uingereza. Lever hakuoa tena. Alipopewa cheo cha ubwana mwaka wa 1917 aliunganisha jina la mke wake na lake, akaitwa Leverhulme.

Kazi ya nguvu

Ngazi hazianguki zenyewe. Mkataji hupanda mti kwa kamba iliyozungushwa kiunoni, huku ameshika panga, na kukata kichala chenye miiba kwenye kimo ambacho kosa moja huleta kifo. Mara nyingi wanawake na watoto ndio waliobeba vichala kichwani hadi kwenye kituo cha kupimia. Kiwanda kilihitaji ngazi kila siku, msimu wote.

Watu wa Kwilu walikuwa na mashamba, uvuvi na biashara zao. Bei ndogo ya kampuni haikuwavuta. Hapo serkali ya kikoloni iliingia. Kodi ya kichwa ilidaiwa kwa pesa, na pesa zilipatikana kwa kampuni. Machifu waliamriwa kutoa idadi ya wanaume, aliyeshindwa aliadhibiwa. Wanaume walichukuliwa mbali na vijiji vyao, wakawekwa kambini Leverville, na aliyetoroka kabla ya mkataba kwisha alipelekwa gerezani, ambako fimbo haikukosekana. Ndani ya duara, mwenyeji hakuwa huru kumuuzia ngazi mnunuzi mwingine aliyelipa zaidi.

Madaktari wa serkali ya kikoloni walioandika ripoti katika miaka ya 1920 walieleza kambi chafu, chakula haba na magonjwa. Shule na hospitali zilijengwa, lakini zilikuwa chache kwa wingi wa watu. Mtafiti Mbelgiji Jules Marchal, aliyekuwa mtumishi wa koloni na kisha balozi, alichimbua nyaraka hizo za serkali miaka mingi baadaye na kuzichapisha katika kitabu mwaka wa 2001. Ndicho kilichowafanya wasomaji wengi wa Ulaya waitazame Port Sunlight kwa jicho lingine.

Lever alijua kiasi gani? Alizitembelea duara zake mara mbili na kupokea ripoti kutoka huko. Alijivunia shule na hospitali. Tena aliwaona Waafrika kama watoto wanaohitaji kuongozwa kwenye kazi, na fikra hiyo ilimwezesha kukubali kwa mkataji wa Lusanga yale ambayo asingeyakubali kwa mtumikaji wa Liverpool.

Pesa kidogo aliyolipwa mkataji ilikuwa na njia ya kurudi. Kundi la Lever lilikuwa na kampuni ya biashara, Sedec, iliyofungua magazini Kongo na kuuza nguo, chumvi na vifaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kiwanda cha sabuni kilianzishwa Léopoldville. Mkongomani akawa mkataji wa ngazi na mnunuzi wa sabuni kwa wakati mmoja.

Katanga ilikuwa na njia yake. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910, na Kambove mwaka wa 1913. Bidhaa za Kiingereza zilipanda kwa reli hiyo kupitia Rhodesia, na kwa miaka kadhaa pauni na shilingi zilitumika madukani Elisabethville pamoja na franka. Shaba ilishuka kwa njia ileile. Mji mchanga wa mgodi ulijifunza mapema kwamba treni inayopeleka mali ghafi hurudi na vitu vilivyotiwa jina mahali pengine.

Samaki, kisiwa na mamia ya maduka

Mwaka wa 1918, akiwa na miaka 66, Lever alinunua kisiwa cha Lewis huko Scotland, na mwaka uliofuata Harris, sehemu ya kusini ya kisiwa hichohicho. Alitaka kugeuza mji wa Stornoway kuwa kituo kikubwa cha uvuvi, samaki wagandishwe kwa barafu ao watiwe kopo na kupelekwa miji ya Uingereza.

Safari hii hakutaka kuwategemea wauza maduka wa wengine. Alianzisha kampuni ya Mac Fisheries, ambayo ilinunua maduka ya samaki mji baada ya mji. Kwa miaka michache ikawa na mamia ya maduka katika barabara kuu za miji, yote chini ya jina moja. Lever alinunua pia kampuni ya soseji ya Wall's, ambayo mwaka wa 1922 ilianza kuuza aiskrimu. Mtoto wa duka la Bolton alirudi kwenye duka, lakini sasa alikuwa anashika kamba yote, kutoka baharini hadi kwenye meza ya mteja.

Watu wa Lewis walimkatalia. Wanaume waliorudi kutoka Vita Kuu walikuwa wameahidiwa ardhi, na walitaka mashamba yao madogo kuliko mshahara wa kiwanda. Waliingia kwa nguvu kwenye mashamba ya Lever na kuanza kulima. Magazeti yaliandika habari zao, wabunge waliwasemea, na serkali haikuthubutu kuwafukuza kwa bunduki. Mwaka wa 1923 Lever alishindwa. Kabla ya kuondoka aliwapa wakaaji wa Lewis nafasi ya kuchukua ardhi bure. Eneo la Stornoway lilikubali, na hadi leo ardhi hiyo inasimamiwa na chombo cha wakaaji wenyewe.

Wavuvi wa Lewis na wakataji wa Lusanga walitaka kitu kimoja: kubaki na ardhi yao na kuchagua wenyewe kazi yao. Wa kwanza walikuwa na kura, magazeti na mahakama, na tajiri huyohuyo aliwaachia ardhi. Wa pili hawakuwa na chombo hata kimoja kati ya hivyo, na duara zao zilibaki mikononi mwa kampuni.

Safari ya mwisho

Miaka ya mwisho ya Lever ilikuwa na wasiwasi wa pesa. Mwaka wa 1920 alinunua Niger Company, kampuni kubwa ya biashara ya Afrika Magharibi, kwa zaidi ya pauni milioni 8, bila kuchunguza vizuri hesabu zake. Bei za mali ghafi zikaanguka duniani. Mabenki yalimbana, na mhasibu Francis D'Arcy Cooper ndiye aliyesaidia kuiokoa kampuni.

Lever hakuacha kutembea. Mwishoni mwa 1924 alifunga tena safari ya Kongo, akiwa na miaka 73, masikio yakiwa mazito. Alirudi Uingereza mwaka wa 1925 na, tarehe 7 Mei, akafariki kwa ugonjwa wa mapafu nyumbani kwake Hampstead, London. Alizikwa Port Sunlight, kando ya mke wake. Miaka mitatu kabla alikuwa amefungua hapo jumba la sanaa lenye jina la mke huyo, lililojaa michoro na vyombo vya thamani alivyonunua kwa faida ya sabuni.

Mwaka wa 1929 kampuni yake iliungana na watengenezaji wa majarini wa Uholanzi na kuzaa Unilever, moja ya kampuni kubwa za bidhaa za nyumbani duniani.

Kongo ilingoja miaka sita baada ya kifo chake. Mwaka wa 1931, bei ya ngazi ilipoporomoka na kodi kubaki juu, Wapende wa Kwilu waliasi. Ofisa Mbelgiji, Maximilien Balot, aliuawa. Jeshi la koloni lilijibu kwa risasi, na Wapende zaidi ya 500 walikufa.

Kilichobaki

Mac Fisheries ilifungwa mwaka wa 1979. Majina mengine makubwa ya barabara kuu za Uingereza yaliifuata: maduka ya Woolworths yalifunga milango mwanzoni mwa 2009, ya BHS mwaka wa 2016, ya Debenhams mwaka wa 2021, yakishindwa na madeni, vituo vikubwa vya biashara nje ya miji na ununuzi wa intaneti. Maduka yalikufa, lakini majina kwenye karatasi yaliendelea. Lux, Lifebuoy na Sunlight bado zinauzwa katika nchi nyingi.

Nyumba za Port Sunlight zimesimama na zinatunzwa kama urithi wa taifa. Mashamba ya Kongo yalibadili majina pamoja na wenyewe. HCB ikawa Plantations Lever au Congo, kisha PHC, ambayo Unilever iliiuza mwaka wa 2009. Wakaaji wa Lokutu na Boteka wanaendelea kudai ardhi waliyopoteza kwa mkataba wa 1911. Kiwanda cha sabuni cha Kinshasa, Marsavco, nacho kilitoka mikononi mwa Unilever. Leo ndicho kinachotengeneza sabuni ya Monganga. Na Kongo, iliyokuwa kati ya wauzaji wakubwa wa mawese duniani kabla ya uhuru, sasa inaagiza mafuta ya kupikia kutoka nje.

Lusanga, iliyokuwa Leverville, imetafuta njia yake. Mwaka wa 2014 watumikaji wa mashamba walianzisha ushirika wa wasanii unaoitwa CATPC. Wanachonga sanamu na kuziuza Ulaya na Marekani, na kwa pesa hizo wananunua tena ardhi ya mababu na kupanda miti na chakula. Mwaka wa 2017 jumba lao la sanaa lilifunguliwa Lusanga. Mwaka wa 2024 waliwakilisha Uholanzi katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, na sanamu ya zamani ya Balot, iliyochongwa na Wapende wakati wa uasi na kuhifadhiwa Marekani, ililetwa Lusanga kwa muda.

Katanga nayo ina hesabu yake. Kampuni ambayo wazee wengi waliiita baba na mama ilianguka katika miaka ya 1990, na kuanzia 2003 watumikaji zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa malipo ya mara moja. Posho ilikwisha. Tangu hapo migodi imepata wenyewe wapya, na shaba na kobalti za eneo la Kambove huondoka kwa malori kuelekea bandari za mbali, kuingia katika nyaya, simu na betri za magari zinazobeba majina ya kampuni za nje.

Lever aliona tangu ujana wake, akifunga sabuni dukani Bolton, kwamba mwenye jina na mwenye duka ndiye anayepanga bei. Alijenga utajiri wake wote juu ya jambo hilo. Lusanga imeanza kulitumia kwa faida yake yenyewe, hektari moja baada ya nyingine. Kambove bado inapakia malori.